Kutoka stendi ya Mbezi hadi Kariakoo kwa mwendokasi: nani amepita Kimara na mizigo na mama mzee?

Mama_Vitenge (Katuba, Lubumbashi)

Bonjour kwenu wote. Nina meza ya vitenge na nguo za watoto sokoni Kenya, hapa Lubumbashi (Kenya yetu ya komini, si ile ya Nairobi, nasema mapema maana mara ya mwisho kuna mtu alinijibu habari za Mombasa). Miaka yote hii nanunua mali kwa wale mama wanaoileta kutoka Dar es Salaam, na kila mwaka wanapandisha. Safari hii nimesema basi, nakwenda mwenyewe. Naongozana na mama yangu, ana miaka 67, goti lake la kulia limekataa kazi tangu mvua za mwaka jana, naye anataka madaktari wa kule walitazame.

Shida yangu ni hii. Yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) alikwenda Dar mwaka 2019. Aliporudi akanichorea ramani nyuma ya kalenda: basi linakushusha Ubungo, unatoka getini, unavuka, unapanda, umefika. Ramani hiyo nimeitunza kama cheti cha ubatizo. Juzi nampigia kijana mmoja wa Dar tunayefanya naye biashara, namsomea ramani yangu, anacheka mpaka namwonea aibu. Anasema mabasi ya kutoka huku hayaingii tena Ubungo, yanaishia Mbezi. Pale Mbezi nipande "mlisho" hadi Kimara. Kimara nipande "ya Gerezani", nisipande ya Kivukoni, na hasa hasa nisipande ya Moroko. Salio likaisha hapo.

Mlisho ni nini? Mimi kulisha ninakokujua ni kwa kuku. Na Moroko tunayoijua sisi ni ile inayotusumbua kwenye mpira. Naomba mtu aliyepita pale kwa miguu yake mwenyewe anieleze polepole: tukishuka Mbezi tunageukia wapi, Kimara tunabadilishaje gari, na mama atapanda ngazi ngapi. Tuna mabegi mawili na mfuko mmoja wa unga, maana mama hataki kusikia habari ya bukari (ugali) ya unga wa watu wengine.

fundi_simu (Ruashi)

Mama, kamata taksi Mbezi mpaka mlangoni pa hoteli. Unga na goti na mwendokasi, wapi na wapi.

Mama_Vitenge

Taksi nimeshaulizia. Bei ile ni faida yangu ya vitenge kumi. Nani mwingine?

Mukubwa_wa_Njia (Bel-Air, Lubumbashi)

Mama, unisalimie mama mzee.

Ramani ya yaya yako usiitukane, ilikuwa ya kweli siku zake. Mimi nafuata vipuri vya magari Dar tangu 2012, na miaka mingi basi letu liliingia Ubungo, ile stendi ya zamani, wapiga debe wanakuvuta mkono huu na mkono huu. Februari 2021 wakafungua stendi mpya Mbezi Luis, inaitwa Stendi ya Magufuli, na mabasi ya mikoani na ya nchi jirani yakahamishiwa huko. Mbezi ni nje ya mji. Ukitoka Morogoro na Kibaha unaifikia kabla ya Kimara, na Kimara kabla ya Ubungo. Kwa hiyo pale unaposema "tumefika Dar" bado hujafika. Umefika mlangoni.

Mwendokasi ni basi, si treni, watu wa kwetu wanachanganya. Lakini lina njia yake peke yake katikati ya barabara ya Morogoro, na vituo vyake viko katikati hapohapo. Magari mengine yamesimama foleni kama pale Carrefour saa ya jioni, yenyewe inapita. Ilianza kubeba watu Mei 2016. Ile njia yenyewe, pamoja na vituo vyake, inaanzia Kimara. Wewe umeshushwa Mbezi. Hilo pengo ndilo linalozibwa na mlisho: basi dogo kwa cheo, linaokota watu mahali ambapo njia kuu haifiki, linakuja kuwamwaga Kimara. Kuku wako hao, umeelewa vizuri kuliko unavyodhani. Wakati wanaanza, njia kuu peke yake ilikuwa shilingi 650, mlisho peke yake 400, lakini ukinunua zote kwa pamoja ni 800. Yaani tangu mwanzo walihesabu kuwa ni safari moja yenye vipande viwili. Bei hizo sasa ni historia, zimepanda, utasoma dirishani. Ila uwe na noti ndogo za Tanzania mkononi, ubadilishe kidogo Tunduma mpakani, usije ukasimama dirishani na dola mia huku nyuma yako kuna watu hamsini.

Mkishuka Mbezi msimpe mtu begi. Vijana watakuja wanaita "mama Kongo, mama Kongo", sijui wanatutambuaje, nadhani ni kwa vitenge na kwa namna tunavyoshangaa. Sema asante, endelea kutembea. Mtafute mama anayeuza chai, umwulize: "Mwendokasi ya Kimara inapandiwa wapi?" Usiseme taksi-bisi, hatakuelewa. Kule taksi-bisi ni daladala, na daladala za Mbezi ni nyingi, zimeandikwa mbele Makumbusho, Mawasiliano, na kadhalika. Hizo nazo zinapita Kimara, na konda atakuapia hivyo, hasemi uongo. Lakini zinakuacha pembeni ya barabara kubwa, na kutoka pembeni hadi kituoni kuna daraja la waenda kwa miguu la kupanda na kushuka. Mlisho linaingia ndani ya kituo chenyewe. Kwa goti la mama, tofauti ni hiyo tu, na ni kubwa.

Sasa Kimara. Pale kuna mabasi yanayofanana kama mapacha. Usisikilize anayepiga kelele, soma maandishi juu ya kioo cha mbele. Kivukoni ni baharini, kwenye feri. Gerezani ndiyo Kariakoo. Morocco ni jina la mahali tu upande wa Kinondoni. Basi lake likifika Magomeni linakunja kushoto na kukupeleka mbali na mali yako. Ya Gerezani na ya Kivukoni zinakwenda pamoja kama marafiki: Ubungo, Manzese, Magomeni, zinavuka bonde la Jangwani, halafu karibu na kituo cha Fire zinaachana. Ya Gerezani inakunja kulia, inaingia Mtaa wa Msimbazi.

Najua zinaachana pale kwa sababu iliniuma. Mwaka 2017 nilikuwa nimetoka Lubumbashi siku tatu bila kulala vizuri. Nikapanda Kimara basi la kwanza lililofungua mlango, nikapata kiti, nikalala. Nilipoamka watu wote wanashuka, nikashuka nao, na mbele yangu kuna maji. Maji hayaishi! Nikasikia honi ya feri ya Kigamboni. Mimi mtoto wa Bel-Air, maji makubwa niliyoyajua yalikuwa ziwa la Kipopo, nikaiona bahari mara ya kwanza maishani kwa kosa la kupanda basi. Nilikaa pale nusu saa nzima na begi langu la vipuri vya kulinganisha. Sijutii, lakini duka nililokuwa nakwenda lilikuwa limefungwa.

fundi_simu (Ruashi)

Ziwa la Kipopo hahaha. Mukubwa, umetufedhehesha.

Nesi_Kampemba (Lubumbashi)

Nimesoma uuguzi Dar na nimekaa miaka mitatu Kimara Korogwe, kituo kinachofuata baada ya Kimara ukielekea mjini. Mukubwa amesema vizuri njia, hakusema saa. Kimara si kituo kimoja. Kimara ya asubuhi na Kimara ya usiku ni vitu viwili tofauti kabisa.

Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu hivi, watu wote wa Mbezi, Kibamba na Kibaha wanaletwa pale na milisho na daladala, na wote wanataka basi lilelile la mjini. Milisho zinashusha watu haraka kuliko mabasi makubwa yanavyowaondoa. Na kuna jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Wanaliita kugeuza. Sisi wa Korogwe, na wa Bucha na Baruti mbele yetu, tukisimama kituoni kwetu basi linakuja limejaa, halisimami au linasimama bure. Basi tunafanyaje? Tunapanda basi linalorudi Kimara, tunakaa kwenye viti, na likigeuka kwenda mjini tumo ndani tayari. Wewe uliyesubiri Kimara saa nzima unaona basi tupu linakuja, unafurahi, mlango unafunguka, viti vimeshakaliwa na watu wanaotazama dirishani kana kwamba hawakuoni. Nimefanya hivyo miaka mitatu na bado naona haya kidogo.

Kwa hiyo basi lenu likifika Mbezi alfajiri, msikimbilie Kimara. Kaeni stendi, nunua chai na chapati, mama anyooshe mguu, mwondoke saa nne. Mkifika usiku, afadhali zaidi, mradi isiwe usiku wa manane. Jioni umati unatoka mjini unakuja Kimara, ninyi mnakwenda kinyume nao.

Saa ninazosema ni za Kiswahili cha Tanzania. Akikuambia saa nne asubuhi ni dix heures (10:00). Tena mkivuka Nakonde kuingia Tunduma mnasogeza mshale saa moja mbele. Wengi wetu tumeachwa na basi pale mpakani kwa ajili ya saa hiyo moja.

Kuhusu ngazi: mlisho lina ngazi mlangoni, kama basi lolote. Basi la njia kuu halina, kwa sababu kituo chenyewe kimeinuliwa. Unaingia kituoni kwa mteremko wa saruji, unafika juu, na sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi. Mama atapita kama anaingia chumba kingine. Pale mlangoni pana nafasi ndogo kati ya basi na ukingo. Hiyo tu aiangalie, asije akaingiza fimbo. Milango iko mkono wa kulia wa basi, siyo kushoto, kwa sababu kituo kiko katikati ya barabara na kule wanaendesha kushoto. Msisimame kwenye mlango usiofunguka kama nilivyofanya mimi wiki ya kwanza.

Ukipata dirisha, fuata majina ya vituo: Korogwe, Bucha, Baruti, Kona, Kibo, kisha Ubungo, Shekilango, Urafiki, Manzese, Argentina...

Mama_Vitenge

Ngoja, yaya. Kuna Moroko na kuna Argentina?

Nesi_Kampemba

Argentina iko Manzese, mama. Usiniulize kwa nini. Baada yake Kagera, Mwembechai, Usalama, Magomeni Mapipa, Jangwani. Ukisikia Jangwani jiandae.

Mtoto_wa_Birere (Goma)

Nachungulia tu kutoka Goma, sisi tunapita Rwanda na Rusumo, lakini mwisho wa yote tunakutana nanyi Morogoro na kushuka Mbezi ileile. Nilimpeleka tantine (shangazi) yangu hospitali mwaka juzi, na kuna kitu hakuna aliyekuuliza: mama anakwenda Muhimbili ipi?

Kuna Muhimbili ya Upanga, mjini, na kuna Muhimbili ya Mloganzila. Hospitali ni moja kwa jina na kwa utawala, mahali ni pawili. Mloganzila iko upande wa Kibamba, yaani ukitoka Morogoro unaipita kabla hujafika Mbezi. Sisi karatasi yetu iliandikwa Muhimbili, sikusoma mstari wa chini. Tukafika Mbezi, mlisho, Kimara, njia kuu, tukaingia Upanga tunatoa jasho, mtu wa mapokezi anasoma mstari wa chini: Mloganzila. Tukarudi njia nzima. Kosa lilikuwa langu, tantine hajanisamehe. Kama ni Mloganzila, tafuteni gari za huko palepale Mbezi, msiguse Kimara.

Mama_Vitenge

Aksanti sana. Nimekwenda kusoma karatasi sasa hivi kwa tochi, maana umeme hakuna. Ni Upanga. Roho imerudi.

fundi_simu (Ruashi)

Na kurudi? Mutarudi na mabalo (marobota) ya vitenge ndani ya mwendokasi? Mi nauliza tu.

Mukubwa_wa_Njia (Bel-Air)

Swali zuri, kwa mara ya kwanza leo. Hapana. Mwendokasi ni ya watu na begi la mkononi. Kariakoo jina lake lenyewe linatokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita vya kwanza, lakini hiyo haina maana na wewe uwe mpagazi. Mali unayonunua inafungwa hapohapo Kariakoo na mawakala wanaosafirisha hadi Lubumbashi, unalipa kwa uzito, unapewa risiti, wewe unarudi na mkoba. Uliza wenzako sokoni ni wakala gani wanamwamini, usimchague kwa tabasamu.

Ukishuka Mtaa wa Msimbazi, kituo cha Msimbazi Polisi au kile cha mwisho Gerezani, uulize Mtaa wa Kongo. Ndiyo, uko. Nguo za watoto unazopanga kwenye meza yako pale Kenya nyingi zilipita mtaa huo kabla hujaziona. Mkoba uvae mbele, si mgongoni.

Na jambo la mvua, karibu nisahau. Ile Jangwani aliyoitaja nesi ni bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha maji yanapanda juu ya barabara, na wakifunga barabara mabasi ya kutoka Kimara yanageuzia Magomeni, mwisho wa safari. Mji unauona ng'ambo na huwezi kwenda. Imenikuta mara mbili, zote Aprili. Ukiona asubuhi mvua ya kupiga mabati usiku mzima, usitoke Mbezi kabla ya kuuliza kama Jangwani panapitika.

Mama_Vitenge

Tunaondoka Alhamisi. Mama amefua kitambaa cha goti mara tatu. Nitawaambia.

Mama_Vitenge *(baada ya wiki tatu)*

Nimerudi. Nilisema nitawaambia, basi someni.

Basi (kampuni siitaji, Mungu anaijua) lilikata mkanda kabla ya Mpika, tukakaa njiani kwa muda wa saa tisa tunakula karanga. Kwa hiyo mipango yote ya nesi ya asubuhi na chai ikaanguka. Tulifika Mbezi saa mbili za usiku, zile za Tanzania. Stendi ni kubwa, ina mwanga, mama akadhani ni uwanja wa ndege. "Mama Kongo, mama Kongo" ilikuwepo, kama ilivyotabiriwa. Nikamtafuta mama wa chai. Hakunionyesha kwa kidole, alinishika mkono akanipeleka, akaacha birika lake kwa mtoto. Sitamsahau.

Kwenye mlisho kijana mmoja akasimama akampisha mama kiti: "Shikamoo, mama." Sasa sisi huku nani anasema shikamoo? Mama akafikiri ndivyo wanavyosalimiana wote, akamjibu kwa sauti kubwa: "Shikamoo na wewe, mtoto wangu!" Basi zima likacheka, kijana akataka kuzama chini ya kiti. Mwanamke mmoja akamfundisha kuitikia marahaba. Tangu hapo mama alikuwa anasubiri kwa hamu mtu amsalimie.

Kimara nilikuwa naiogopa kuliko mpaka. Tulipoingia, yaya nesi, nilielewa ulichosema. Watu walikuwa wanatoka kama siku Mazembe na Lupopo wanapomaliza mpira kule Kamalondo, wamebanana, hakuna anayezungumza, kila mtu anaangalia mlisho wake: huyu Mbezi, huyu Kibamba, wanakimbia kwa viatu vya ofisini. Na sisi watatu (nauhesabu unga) tunakwenda kinyume. Upande wetu, wa kwenda mjini, kulikuwa na watu kama kumi na tano tu. Nilinunua tiketi, mama akapita getini, mimi nikapita, unga ukakwama. Mfuko ulikaa katikati ya ile mikono ya chuma, hauendi mbele, haurudi nyuma. Mlinzi akaja, akautazama, akauliza ni nini. Nikamwambia unga wa mahindi kutoka Lubumbashi. Akaniuliza kama Dar hakuna unga. Mama akamjibu mwenyewe, sitaandika alichosema. Akatufungulia geti la pembeni.

Mteremko upo, ngazi hakuna, mama aliingia basini kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni, ndivyo alivyosema. Nilisoma maandishi ya mbele mara nne. GEREZANI. Nikamwuliza dereva pia, nikamwuliza na abiria, mpaka mama akaniambia ninamfedhehesha. Viti vilikuwa tele. Nilifuata vituo kwa midomo kama rozari: Korogwe, Bucha, Baruti. Argentina tuliicheka. Magomeni nilishika pumzi kuona kama tutakunja kushoto, hatukukunja. Jangwani ilikuwa kavu, giza tu na vyura. Saa nne kasoro tulikuwa Kariakoo.

Mambo ya Mtaa wa Kongo nitaandika siku nyingine, yanataka uzi wake peke yake. Kwa ufupi: bei ninayouziwa na wale mama hapa si dhuluma kama nilivyodhani. Wanabeba mengi. Lakini nitarudi tena.

Upanga tulikwenda siku mbili. Goti halihitaji kupasuliwa kwa sasa, amepewa mazoezi na dawa, na mazoezi anayafanya akinikasirikia mimi.

Siku ya mwisho mama akaniambia: yule baba wa vipuri alisema basi la makosa linafika baharini. Hilo la makosa liko wapi? Basi tukachukua bajaji hadi kituo cha Fire, tukapanda ya Kivukoni kwa makusudi. DIT, Kisutu, Posta ya Zamani, mwisho. Alishuka akasimama palepale pa Mukubwa, labda. Hakusema kitu muda mrefu. Halafu akauliza kama ni kweli ina chumvi, na kabla sijajibu akawa ameinama ukingoni karibu na soko la samaki, na goti lake hilohilo linalouma, akalamba kidole. Alijaza chupa ndogo ya maji ya kunywa. Iko kabatini hapa Katuba, na kila jirani anayekuja lazima alambe.

Mukubwa_wa_Njia (Bel-Air)

Mama, mwambie mama mzee nimempa mkono. Mimi sikuwaza kulamba.

fundi_simu (Ruashi)

Mbona hujasema mulirudi Mbezi namna gani?

Mama_Vitenge

Nilijua utauliza. Basi letu la kurudi liliondoka alfajiri, kwa hiyo ilibidi tulale karibu na stendi. Jioni, saa kumi na moja na nusu, tukaenda Gerezani kupanda ya Kimara. Niliangalia ule mstari. Nikamwangalia mama. Mama naye akauangalia mstari akasema yeye marahaba ameitikia vya kutosha.

Tulichukua taksi. Vitenge kumi vimekwenda. Usinijibu.